Njooni Asubuhi

Maneno ya shabiki mmoja mbele ya wanamichezo, makocha na watazamaji, Dodoma, usiku wa kuamkia mashindano ya kutunisha misuli

Mbukwenyi!

Asanteni sana. Ndugu mwenyekiti wa kikao, makocha mliotoka Singida, Iringa na Morogoro, wenye majimu, wazazi, mashabiki wenzangu, na ninyi wanangu ambao kesho mnapanda jukwaani na usiku huu mna kiu, mna njaa na hamtaki kuongeleshwa: nawashukuru kwa kunipa kipaza sauti. Nimeambiwa dakika 20. Nitajitahidi, ila mnawajua watu wa Majengo wakishapewa nafasi ya kusema.

Mimi ni fundi cherehani. Mezani kwangu kila siku ni sare za shule, magauni ya vitenge na suruali za mitumba za kupunguza. Chuma pekee ninachonyanyua ni pasi. Lakini mchezo huu nimeupenda tangu nikiwa msichana, nikiishi kwa shangazi yangu Dar es Salaam. Nilipoolewa nikarudi huku nyumbani niliendelea kuufuata ulipo, kwa basi, na tangu 2024 kwa treni ya umeme, mpaka ukaamua wenyewe kuja Dodoma. Sina cheti cha ukocha. Ninayosema leo ni ya mtu wa kwenye viti.

Nina ombi moja, nalitoa mapema ili hata mwenye kuondoka katikati aondoke nalo. Kesho njooni asubuhi.

Najua tiketi zenu zinasema saa 1 usiku. Najua usiku ndiko kuna taa, muziki, mgeni rasmi na mishikaki mlangoni. Lakini kazi yenyewe inafanyika saa 4 asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, majaji wakiwa na kalamu mkononi. Hata kwenye mashindano makubwa ya dunia, kwa miaka mingi kipindi cha mchana ndicho kimebeba uzito mkubwa wa alama, na wanaofurika usiku wanapigia makofi jambo ambalo kwa kiasi kikubwa limeshaamuliwa. Kisha sisi tunatoka nje tunalalamika kwamba majaji wamependelea. Umejuaje, nawe hukuwepo?

Onyesho la kwanza nililoingia lilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa starehe kule Dar, joto la Februari, viti vya plastiki, feni za darini zinazunguka bila kumfikia mtu. Shangazi alikuwa anauza soda mlangoni, ndiyo maana niliingia bure. Jukwaani kulikuwa na kijana mpakia mizigo wa Kariakoo, mikono yake ilikuwa inasimuliwa mtaa mzima. Kila akikunja, ukumbi unainuka. Pembeni yake alisimama mfupi mmoja ambaye kwa mbele hukumwona kabisa, ungedhani amepanda kufuta jasho la wenzake. Nyuma yangu alikaa mzee aliyekuwa akifundisha ngumi. Akaniinamia, akasema, "Binti, usipige makofi bado. Subiri wageuke."

Jaji mkuu akawageuza. Yule wa Kariakoo akatuonyesha mgongo laini, unang'aa kwa mafuta, hauna la kusema, na chini yake miguu ikaanza kutetemeka kwa sababu haikuzoea kubanwa. Mfupi hakuwa na haraka. Akarudisha mguu mmoja nyuma, akainua kisigino, shavu la mguu likagawanyika mara mbili. Akapanda juu taratibu: nyuma ya mapaja pakakaza, makalio yakaingia mistari, nyama mbili za kandokando ya uti wa mgongo zikasimama, ndipo akainua mikono, na mabega yakafunguka moja baada ya jingine. Haikufika nusu dakika. "Umeona?" mzee akaniuliza. Nikaona. Mfupi akatangazwa mshindi, chupa zikarushwa jukwaani, na mpakia mizigo akatolewa nje juu ya mabega ya watu akishangiliwa. Mfupi alibaki na kombe lake na ukumbi unaomzomea.

Zomeo lile bado linanikera, maana aliyezomewa alikuwa amefanya kazi ambayo watu hawakufundishwa kuiona. Huku kwetu nendeni Mvumi au Chamwino kwenye ngoma ya muheme. Bibi aliyekaa pembeni na ugoro wake anajua ni mama gani amechelewesha mkono kwenye ngoma, na mama huyo anajua kwamba bibi amejua. Ndiyo maana muheme unapigwa vile unavyopigwa. Mchezo wetu una wapigaji wa kutosha. Bibi wa pembeni ndiye hatujampata.

Waliouanzisha mchezo huu hilo walilijua. Tarehe 14 Septemba 1901, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia aliyejipatia jina kwa kuonyesha nguvu majukwaani, aliandaa yale yanayohesabiwa kuwa mashindano makubwa ya kwanza ya namna hii. Tazameni aliwaketisha nani kwenye meza ya majaji: yeye mwenyewe, mchongaji wa sanamu Sir Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, daktari aliyekuwa amegeukia uandishi. Mchongaji na daktari! Watu waliosomea kuutazama mwili. Na Sandow alisema wazi kwamba zawadi haiendi kwa mwenye misuli mikubwa kupita wote. Walipima uwiano wa mwili mzima, uimara wa nyama, afya, hata hali ya ngozi. Aliyeshinda alikuwa William Murray wa Nottingham, akapewa sanamu ya Sandow mwenyewe. Sanamu ya Sandow ndiyo anayokabidhiwa Mr. Olympia, bingwa wa mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu, mpaka leo.

Hayo ya Mr. Olympia sitayarefusha, vijana wanayajua kuliko mimi: Joe Weider aliyaanzisha New York mwaka 1965, Larry Scott akawa wa kwanza. Ninachotaka mkibebe ni kimoja. Frank Zane alishinda 1977, 1978 na 1979 akiwa na kilo 84 hivi. Ronnie Coleman, aliyeshinda mara 8 kuanzia 1998 hadi 2005, miaka yake ya mwishoni alipanda na zaidi ya kilo 130. Kombe ni lilelile. Macho ya wakati mmoja yalipenda mistari, macho ya wakati mwingine yakapenda ukubwa, na vijana wa dunia nzima wakaifuata miili ile iliyopigiwa makofi. Mtazamaji anapika mwanamichezo wa kesho, apende asipende.

(Na kwa kuwa tupo Afrika, niseme tu nilivyofurahi Mamdouh Elssbiay, Mmisri aliyekuwa mvuvi, aliposhinda 2020 na 2021, halafu Samson Dauda, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Uingereza, akashinda 2024. Nilinunua soda kwa kibanda kizima. Jirani yangu muuza nyanya akaniuliza Dauda ni mgombea wa chama gani.)

Sasa, kesho asubuhi utazame nini? Kwanza ujue jaji anaandika nini. Haandiki alama nyingi kwa aliyempenda. Anawapanga: wa kwanza 1, wa pili 2, anaendelea hivyo. Karatasi zinajumlishwa, na kwa kawaida namba ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, ili jaji mwenye ndugu jukwaani asiharibu. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Nimewahi kumsikia mzee mmoja mlangoni anasema kijana wake kaonewa kwa sababu ana pointi nyingi kuliko aliyeshinda. Nilimwacha amalize.

Halafu usikilize namba zinazoitwa. Jaji mkuu hawezi kulinganisha watu 12 kwa mpigo, kwa hiyo anaita wachache mbele. Kundi linaloitwa kwanza ndilo kwa kawaida linalogombea nafasi za juu. Kisha anaanza kuwahamisha: namba 6 badilishana na namba 11. Anayesogezwa katikati mara nyingi ndiye anayeongoza, wengine wanapimwa kwake. Anayesukumwa pembeni, na akaachwa hapo, ameshaambiwa jibu lake bila maneno. Ukilijua hili, saa 5 asubuhi unaweza kuandika matokeo kwenye kiganja, na usiku ukakaa unakula karanga zako kwa amani.

Kwenye mapozi ya lazima, yaani kukunja mikono yote miwili kwa mbele, kutanua mbawa za mgongo, kifua kwa upande, mikono miwili na mbawa tena kwa nyuma, msuli wa nyuma ya mkono kwa upande, tumbo na mapaja, usianze na mikono. Anza chini. Mikono inajitangaza yenyewe. Tazama vidole vya miguu kama vimekamata sakafu. Tazama shavu la mguu, kisha paja kama limegawanyika au ni nyama moja iliyovimba. Panda kiunoni. Mikono iwe ya mwisho. Na wakigeuka, hapo uache hata kutafuna. Mafuta yaliyobaki mwilini yanapenda kujificha kiuno cha nyuma na makalio, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na tumbo la kupigia picha na mgongo wa mtu aliyetoka harusini. Mtazame pia asiyeitwa, yule wa safu ya nyuma anayetakiwa kusimama amekaza muda wote huku hakuna anayemwangalia. Atakayejiachia huko, na mbele atajiachia.

Hapa Dodoma nimeuona mchezo ukikua tangu ulipokuwa wa uani. Chang'ombe vijana walimimina zege kwenye makopo ya rangi, wakapitisha bomba la maji katikati. Wengine walibeba ekseli ya gari na gia mbovu za gereji. Kulikuwa na uzito mmoja ambao kopo la kulia lilizidi la kushoto kwa sababu aliyemimina alizidisha kokoto. Wote walilijua. Wakifika nusu ya mizunguko wanageuza bomba ili bega moja lisimzidi mwenzake. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akimtengenezea mwanawe ute wa mayai peke yake, na wadogo zake wale wakala viini asubuhi na jioni mpaka wakavikimbia. Yai zima lina gramu 6 tu hivi za protini, kwa hiyo fanyeni hesabu ya trei ngapi zilipita nyumba ile. Alipoweza, alinunua perege wa Mtera, na sikukuu nyama ya Kongwa.

Hayati Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, sisi tuliwaza viwanja na kodi za nyumba. Hakuna aliyewaza majimu. Wakaja watumishi na vitambi vyao vya Dar, wakakuta wanafunzi wa UDOM wanakimbia barabarani alfajiri, na leo Area D, Ilazo, Kisasa, hukosi jimu yenye vioo na muziki. Chuma kimefika. Jukwaa bado linasuasua, na hili nawaambia waandaaji kwa heshima zote.

Kuna onyesho moja la hapa mjini ambalo nalikumbuka kuliko yote, na wachache mliomo humu mlikuwepo. Ukumbi ulikuwa na taa za tyubu dari nzima. Mwanga unaotoka kila upande hauachi kivuli, na bila kivuli msuli hauonekani. Wanaume 8 waliojinyima miezi walionekana wamenyooshwa na pasi. Katikati ya ulinganisho umeme ukakatika. Giza, miluzi, watoto wanacheka. Basi kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amesimama mlango wa pembeni akichungulia bila kulipa, akawasha pikipiki na kuisukuma ndani hadi chini ya jukwaa, akageuza taa kuwaelekea ubavuni. Jamani! Mwanga ulikuja kwa upande mmoja, ukapita juu ya miili ile, na kila mfereji wenye kivuli ukajitokeza. Mapaja yaliyokuwa nyama tupu yakawa na nyuzi. Kijana namba 3, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja, alikuwa na mgongo ambao ukumbi mzima ulinyamaza kuutazama. Pikipiki inanguruma, moshi wa petroli unatuingia puani, hakuna anayekohoa. Jaji mkuu mwenyewe alisimama, akasogea. Umeme uliporudi watu waliguna, wakataka uzimwe.

Namba 3 alishinda. Kwa hiyo waandaaji, sihitaji moshi wa rangi wala fataki. Taa chache zenye nguvu, kutoka juu na pembeni, na pazia jeusi nyuma. Yule wa bodaboda alitufundisha bure.

Taa hizohizo zinajibu swali jingine ninaloulizwa: mtu mweusi anapakwa rangi ya nini? Taa kali zinafuta. Ngozi yoyote ikimulikwa sana inapauka, mistari inapotea, ndiyo maana hata wenye weusi wa kutosha wanajipaka rangi ya kukoleza na mafuta kidogo ya kurudisha mng'ao. Kidogo! Kuna shirika linalokataza mafuta mengi, na lina sababu. Kijana mmoja wa Singida, mnajua mkoa ule na alizeti, alikosa mafuta ya watoto, akajimwagia mafuta ya kupikia. Alipokaza pozi la pili yakaanza kutiririka hadi sakafuni, mwenzake aliyesimama jirani akateleza, na safu za mbele zote zilikaa zikinusa chapati hadi mwisho wa onyesho.

Na hapo ndipo kazi yangu ilipokutana na mapenzi yangu. Mavazi ya jukwaani yakiagizwa nje ni ghali, na yanakuja kwa vipimo vya watu wengine. Vijana wakaanza kuniletea vitambaa vya kuvutika. Nimejifunza mengi kwenye mashine ya ovaloki. Vazi likatwe wakati mwanamichezo ameshakauka, yaani ameshapunguza mafuta na maji ya mwilini, maana lililopimwa mwezi mmoja kabla litamning'inia. Lisiwekwe pedi, ni kosa. Lifunike makalio kwa kiasi ambacho kanuni inataka, hata kama mwenyewe anabisha. Rangi iwe ya giza, kwa sababu rangi ya mwili inachafua. Na upande wa kushoto, pale inapobanwa namba, liwekewe kiraka cha ndani. Pini ikichoma kitambaa cha kuvutika kilicho kitupu, tundu linakimbia, na mtu hujui aibu mpaka uione namba 9 inaning'inia magotini mbele ya mgeni rasmi.

Mabinti nao wananijia, siku hizi bila kuficha begi sana. Ninawashonea mlango ukiwa umefungwa, na wanaosema hilo si jambo la mwanamke nawakumbusha kwamba wanaume wenye mataji mengi ya Mr. Olympia, Lee Haney na Ronnie Coleman, wana 8 kila mmoja. Iris Kyle ana 10 ya Ms. Olympia. Tuendelee.

Mwaka 2016 Johannesburg ilipokea kwa mara ya kwanza tamasha la Arnold Classic Africa, pale Sandton. Mdogo wangu anaishi mji ule, na nilipokwenda kumtembelea baadaye sikumwambia kwa nini nimechagua wiki yenye maonyesho. Aligundua nilipoomba anipeleke ukumbini badala ya dukani. Sijawahi kuona vitu vingi hivyo mahali pamoja. Mieleka ya mikono kona hii, karate kona ile, watoto wa jimnastiki wanaruka, na katikati mabanda ya unga wa protini yanayogawa vikombe vidogo vya kuonja. Nilionja vya chokoleti, vya vanila, vya sitroberi, hadi tumbo likaanza kuzungumza peke yake. Mbele ya banda moja palikuwa na foleni ndefu ya kupiga picha na bingwa. Nilisimama. Kijana aliyenitangulia akamuuliza bingwa anakula nini. Bingwa akamuuliza yeye analala saa ngapi. Kijana akaona amekwepwa, akasogea akiwa amenuna. Mimi nikaona amejibiwa.

Lakini kilichonifaa zaidi kilikuwa kwenye ukumbi wa pembeni, ambako wanamichezo wa ridhaa walikuwa wanalinganishwa bila muziki. Watu wote walikuwa kwenye vikombe vya kuonja. Pale vitini kulikuwa na sisi wachache tu, na karibu yangu mama mmoja wa Soweto, mnene kama mimi, miwani puani, daftari la mistari mapajani. Kila kundi likiitwa, anaandika. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo tulielewana kwa namba. Aliandika zake, nikaandika zangu kwenye risiti ya teksi, tukabadilishana. Tulipishana nafasi ya pili na ya tatu. Akaniashiria wakati wanageuka, akagusa kiuno chake cha nyuma, akatikisa kichwa. Nikamtazama tena kijana wangu. Alikuwa na maji yamemkaa pale chini. Matokeo yalipotoka, majaji walikuwa na mama wa Soweto. Wanamichezo wale walipokuwa wanashuka jukwaani walimsalimia mmoja mmoja, wengine wakainama kumwonyesha mgongo wakimuuliza. Huyo ndiye bibi wa pembeni niliyewaambia. Kila mkoa unamhitaji mmoja.

Kuna mambo mawili hayanipendezi, niyaseme haraka kabla mwenyekiti hajaangalia saa tena.

La kwanza ni kaptula. Daraja la wanaume wa kaptula ndefu liliingia Olympia mwaka 2013, na lina heshima yake: linatafuta mabega, kiuno chembamba na mwendo wa mtu aliyetulia. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kijana anayelichagua kwa sababu tu linamfichia mapaja. Jimu zetu siku ya Jumatatu foleni ya kifua inafika mlangoni, na pale pa kuchuchumaa na chuma mgongoni pana buibui. Tangu 2016 kuna daraja la klasiki, lenye kikomo cha uzito kulingana na urefu, ambalo Chris Bumstead alilitawala kuanzia 2019 hadi 2024; hilo lingewafaa wengi wenu msiotaka kuwa milima. Lakini pale miguu iko wazi. Ndiyo maana mnalikimbia.

La pili ni zito. Oktoba 1992 Mohammed Benaziza, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, mfupi aliyewaangusha warefu, alishinda mashindano Uholanzi na kufariki saa chache baadaye. Mwaka 1996 akafariki Mwaustria Andreas Münzer, mmoja wa waliokauka kuliko wote waliopata kupanda jukwaani. Dawa za kukojoza zimetajwa kwenye vifo vyote viwili. Wanangu, robo tatu ya msuli wenyewe ni maji. Ukiyatoa yote, unautoa na msuli, na moyo nao ni msuli. Hewa ya Dodoma tayari inakausha midomo ya mtu aliyekaa kivulini. Na ninyi mashabiki mnaopiga kelele "hajakauka huyo!" mkiwa mmeshika chupa ya maji baridi, mnayo sehemu yenu. Kesho mkiona mtu amebanwa misuli hadi hawezi kushuka ngazi, msicheke. Mwiteni mhudumu wa afya, atakuwa mlango wa nyuma ya jukwaa, nimeshamuuliza mwenyekiti.

Basi, ratiba. Uzito unapimwa saa 1 asubuhi. Ulinganisho saa 4 kamili, na waandaaji wamekubali kwamba mwenye tiketi ya usiku anaingia asubuhi bila kuongeza hela. Msipokuja sasa mna kisingizio gani? Kaeni katikati, safu ya tatu au ya nne, maana safu ya kwanza inakuonyesha magoti tu. Njooni na kalamu. Nimechana daftari moja la shule, karatasi zipo hapa mezani, kila moja ina namba za washindani na nafasi ya kuandika. Nitakusanya kabla matokeo hayajatangazwa ili tusidanganyane. Wa kwanza ambaye karatasi yake italingana na ya majaji atapata kuku mzima kutoka Chako ni Chako, kwa hela yangu, na pilipili juu.

Nimemaliza. Yule kijana wa nyuma mwenye fulana ya bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja kaptula. Mpeni kipaza sauti, asimame, na akunje suruali kwanza tuone tunazungumza na nani.